Ukague tena na tena, au ubadilishe yaishe? Ulinganisho kwa anayepanga matengenezo ya ndege inayozeeka

Waraka umeingia asubuhi. Kiwanda kimegundua kwamba ndege za aina yako zilizoruka sana zimeanza kutoa nyufa mahali fulani, na mamlaka ya usafiri wa anga imeshaigeuza taarifa hiyo kuwa agizo la lazima. Ukilisoma agizo hadi kurasa za mwisho, mara nyingi unakuta njia mbili. Ya kwanza: kagua sehemu hiyo kila baada ya mizunguko kadhaa ya kupaa na kutua, ukikuta ufa utengeneze, usipokuta rusha ndege hadi zamu ijayo. Ya pili: ifumue sehemu hiyo, uiimarishe au uweke mpya, na ukaguzi wa kurudia ufutwe.

Mwenye kulipa huipenda ya kwanza, maana leo inamgharimu usiku mmoja wa kazi. Mkuu wa karakana huipenda ya pili, maana yeye ndiye atakayekesha huo usiku mmoja mara ishirini. Mabishano haya huendeshwa kama suala la fedha tu, na hapo ndipo yanapopotea njia. Kinachoamua ni tabia ya ufa wenyewe: uko peke yake au uko na wenzake, uko wazi au umefunikwa, unakua polepole au unakimbia.

Kwanza tukubaliane ufa unatoka wapi. Ndege ya abiria ikipaa, hewa ya ndani hubaki na msukumo mkubwa kuliko ya nje. Ikiwa juu kabisa, tofauti hiyo hufika karibu kilopaskali 55, yaani kila mita ya mraba ya bati inasukumwa kutoka ndani kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani tano na nusu. Kwenye Boeing 737 sehemu kubwa ya bati hilo ina unene wa milimita 0.9 hivi. Ndege ikitua, msukumo unaisha, bati linalegea. Kupaa na kutua mara moja ndio mzunguko mmoja. Chuma cha kawaida kina kiwango cha mzigo ambacho ukikaa chini yake hakichoki hata ukirudia mamilioni ya mara. Alumini haina bahati hiyo. Mzigo mdogo ukirudiwa vya kutosha, ufa unazaliwa, na hupenda kuzaliwa kwenye ukingo wa tundu la ribiti (pini inayoshikanisha mabati), mahali mzigo unapobanana. Kwa hiyo mtu akikwambia ndege yake ina saa chache angani, muulize ina mizunguko mingapi.

Njia ya kwanza: kukagua kwa kurudia

Kuiachia ndege iruke huku unasubiri ufa ujitokeze ni wazo linalomtisha anayelisikia mara ya kwanza. Lakini ndilo lililobeba usalama wa ndege kwa miongo mingi, na halikuanza kwa uvivu.

Mwaka 1954 ndege mbili za Comet, za kwanza za jeti kubeba abiria, zilipasuka angani, moja Januari karibu na kisiwa cha Elba, nyingine Aprili kusini mwa Italia. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, walitumbukiza mwili wa Comet nyingine kwenye tangi la maji, wakawa wanaujaza na kuutoa msukumo kama unavyofanywa angani. Ulipasuka baada ya mizunguko kama 3,000 tu, ukijumlisha ile iliyokwisha kuruka kabla ya kuingia tangini. Baada ya hapo wabunifu wakashikilia muundo wa kubebana: kiungo kimoja kikikatika, jirani anabeba mzigo mpaka ndege itue.

Ilionekana inatosha, hadi tarehe 14 Mei 1977. Boeing 707 ya mizigo ya Dan-Air ilikuwa inajiandaa kutua Lusaka, Zambia, bawa la mkia la upande wa kulia likang'oka. Watu wote sita waliokuwamo walikufa. Ufa ulikuwa umekua kwenye boriti ya nyuma ya bawa hilo kwa maelfu ya safari. Kubebana kulikuwepo kwenye michoro, lakini kulipohitajika hakukutosha, na ukaguzi uliopangwa haukuwa wa kuuona ufa ukiwa bado mdogo. Mwaka uliofuata Marekani ilibadilisha kanuni za ubunifu. Tangu hapo mhandisi hufanya hesabu akichukulia kwamba ufa tayari upo. Anatafuta utakua kwa kasi gani, utafika urefu gani kabla ya kuwa hatari, na ukaguzi uje lini ili uukute katikati ya safari yake.

Hesabu yenyewe si ngumu kuielewa, na anayechagua njia ya kwanza lazima aielewe. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kifaa kinaweza kuuona ufa ukiwa wa milimita 3, na kutoka hapo hadi hatari kuna mizunguko 12,000. Unagawanya kwa tatu ili upate nafasi tatu za kuukamata: unakagua kila mizunguko 4,000. Sasa tuseme badala ya kifaa unatumia macho, nayo macho hayauoni hadi ufike sentimita 5, na kutoka hapo imebaki mizunguko 3,000 tu. Ukigawanya kwa tatu unapata 1,000. Ndege ya safari fupi inayoruka mara sita kwa siku itaingia karakana kila baada ya siku 166 au 167 kwa macho, au karibu miezi 22 kwa kifaa. Ndege ya masafa marefu inayoruka mara mbili kwa siku itachukua mara tatu ya muda huo. Ufa ni uleule, bati ni lilelile, lakini jibu la mwenye ndege moja halimfai mwenzake.

Ndiyo maana swali la "nikague au nibadilishe" halijibiki kabla ya kujibu "nikague kwa nini". Vifaa vinavyotumika sana ni hivi:

| Njia | Inachokiona vizuri | Inapoangukia |
|---|---|---|
| Macho, tochi na kioo | Ufa mrefu, bati lililovimba, ribiti iliyolegea, madoa | Ufa mfupi, rangi nene, sehemu iliyofunikwa |
| Rangi ya kupenya | Ufa mwembamba uliofunguka juu ya uso | Lazima rangi ya ndege itolewe na uso usafishwe sana |
| Edi karenti (mikondo midogo ya umeme inayozungushwa ndani ya bati) ya masafa ya juu | Ufa mdogo wa juu karibu na ribiti, hata chini ya rangi nyembamba | Hailioni bati la pili |
| Edi karenti ya masafa ya chini | Ufa kwenye bati la ndani | Ufa lazima uwe mkubwa zaidi |
| Altrasaundi | Vipande vinene, masikio ya vyuma, gundi iliyoachia | Sauti haivuki mwanya wa hewa kati ya mabati |
| Eksirei | Sehemu isiyofikika bila kufumua | Mwale usipolingana na ufa, ufa hauonekani |

Edi karenti ndiyo farasi wa kazi hapa. Fundi anashika kifaa kama kalamu, chenye koili ndogo kwenye ncha. Kabla hajagusa ndege, anaijaribu kwenye kipande cha bati kilichokatwa mkato wa makusudi, mwembamba na wa kipimo kinachojulikana, mpaka nukta kwenye skrini iruke inavyotakiwa. Kisha anapanda jukwaani. Anaweka pete ya plastiki juu ya kichwa cha ribiti ili ncha isiteleze, anaizungusha. Nukta imetulia. Ribiti inayofuata. Nukta imetulia. Ncha ikisogelea kichwa cha ribiti kupita kiasi nukta inaruka, naye anarudia kuhakikisha kama ni ufa au ni mkono wake. Kuna ribiti kwa mamia kwenye mstari mmoja, ni saa tisa usiku, na ndege ina abiria saa moja asubuhi.

Hapo ndipo hesabu ya kugawanya kwa tatu inapoanza kulegea. Kifaa hupewa sifa ya kuona ufa wa urefu fulani kwa kiwango cha asilimia 90: nyufa kumi za urefu huo, moja inaweza kukupita. Kwa karatasi, nafasi tatu zingemaanisha kukosa mara moja kwa elfu. Lakini nafasi hizo si huru kama dadu. Fundi ni yuleyule, taa ni ileile, kona ngumu kufikika haijabadilika, na akilini anajua kwamba mara mbili zilizopita hakukuwa na kitu.

Mahali njia ya kwanza ilipokwama

Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilikuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu, Hawaii. Ikiwa futi 24,000, kipande cha paa chenye urefu wa takriban mita 5.5 kiling'oka. Mhudumu mmoja alichukuliwa na upepo, hakupatikana tena. Wengine 94 waliokuwamo walifika chini, marubani wakitua Maui na ndege iliyo wazi kama gari la mizigo. Abiria mmoja alisema baadaye kwamba aliona ufa kwenye mwili wa ndege alipokuwa anapanda. Hakumwambia mtu.

Ndege hiyo ilikuwa na saa 35,496 na mizunguko 89,680. Ukigawanya unapata dakika 24 hivi kwa kila safari: kuruka kisiwa hadi kisiwa, kujazwa na kutolewa msukumo kutwa nzima, kwenye hewa ya chumvi. Kwenye 737 za mwanzo, mabati yaliyopandana yaligandishwa kwa gundi ya baridi kisha yakapigwa ribiti. Gundi ikaachia, kutu ikaingia katikati, mzigo wote ukahamia kwenye ribiti. Na tundu la ribiti lilikuwa limechongwa kimshazari hadi ukingo wake wa chini ukawa mkali kama kisu. Nyufa ndogo zikazaliwa tundu baada ya tundu, kwenye mstari mmoja.

Hesabu ya ufa mmoja haifai tena hapa. Ufa mmoja mrefu una chuma kizima mbele yake, unakua kwa adabu. Nyufa ishirini fupi zilizopangana mstari mmoja hazikui sana; zinasubiri, kisha zinaungana na bati linafunguka kama zipu. Urefu ambao ungekuwa salama kwa ufa wa pekee hapa ni hatari, na huenda kila mmoja bado ni mfupi kiasi cha kumpita mkaguzi.

Kwa anayechagua leo, sehemu ya maana zaidi ya uchunguzi ule inahusu maamuzi ya mezani. Lilikuwepo agizo la ukaguzi la mwaka 1987, lakini lililazimisha mstari mmoja wa viungo kila upande, wakati kiwanda kilipendekeza viungo vyote. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ililaumu usimamizi wa matengenezo wa shirika, ikalaumu mamlaka, kisha ikaongeza jambo ambalo wengi hulisoma haraka: baada ya matatizo ya gundi kujulikana, hakukuwa na marekebisho kamili ya kuumaliza ugonjwa, kiwanda hakikuyatoa na mamlaka haikuyadai. Kwa lugha yetu ya hapa, njia ya pili haikuwepo. Mafundi waliachiwa ya kwanza peke yake, kwenye ufa wa aina ambayo njia hiyo haiuwezi.

Njia ya pili: kufumua na kubadilisha

Sifa yake inaeleweka. Inaondoa ufa ulioonekana na ule usioonekana, na inaondoa uchovu wa mkaguzi kwenye mnyororo. Kama marekebisho yanahusisha kupanua matundu kwa ubaridi, yaani kuvuta pini nene kidogo kupita tunduni ili chuma kinachozunguka kibanwe, tundu jipya hudumu kuliko la zamani. Bati jipya huanza kuhesabu mizunguko upya mahali hapo.

Lakini nina neno na wale wanaodhani kubadilisha ni kujitoa kwenye hatari. Kila tundu unalotoboa ni mahali pengine pa ufa kuzaliwa, na historia mbaya kuliko zote ya uchovu wa chuma angani ni historia ya matengenezo.

Japan Airlines safari ya 123, tarehe 12 Agosti 1985. Boeing 747 hiyo iligonga mkia chini mwaka 1978, na ukuta wa nyuma unaozuia hewa ukatengenezwa. Bamba la kuunganisha lilipaswa kubeba mzigo kwa mistari miwili ya ribiti. Lilikatwa vibaya, mzigo ukapita kwenye mstari mmoja. Ukuta ulidumu miaka saba kisha ukapasuka. Watu 520 walikufa, wanne wakapona.

China Airlines safari ya 611, tarehe 25 Mei 2002. Mkia uligonga chini Hong Kong mwaka 1980. Bati lililokwaruzwa halikuondolewa, likafunikwa kwa kiraka ambacho hakikuenea vya kutosha. Ufa ukakua chini ya kiraka kwa miaka 22, mahali ambapo jicho la mtu wa nje lisingefika. Picha zilizopigwa miezi kadhaa kabla zilionyesha madoa kuzunguka kiraka kile. Ndege ilipasuka juu ya mlango bahari wa Taiwan, watu wote 225 wakafa.

Kuna lingine dogo zaidi. Fundi anayekwangua sialanti (utomvu wa kuziba mianya) ya zamani kwenye ungio la mabati kwa kisu cha chuma anaweza kuchora mstari mwembamba kama unywele, rangi mpya ikaufunika, na ufa ukaanzia hapo. Mistari hiyo ilikuja kukutwa kwenye ndege nyingi kiasi cha kutolewa maagizo yake yenyewe. Chombo sahihi ni cha plastiki. Mtu aliyekuwa na haraka ya kupendezesha ndege aliipa ugonjwa.

Kwa hiyo ukichagua njia ya pili, unanunua ubora wa mikono itakayoifanya. Karakana isiyo na vifaa vya kutoboa kwa kipimo, isiyo na mhandisi wa kusaini michoro, au isiyopiga picha kila hatua kabla ya kufunika, ni afadhali ibaki kwenye ukaguzi huku ndege ikipangiwa pa kupelekwa.

Kikomo ambacho hakuna mjadala

Novemba 2010 Marekani ilitoa kanuni kuhusu uchovu ulioenea, yaani nyufa nyingi zinazozaliwa pamoja kwenye sehemu zinazofanana, ikaanza kutumika Januari 2011. Inahusu hasa ndege kubwa za abiria, zenye uzito wa kupaa unaozidi pauni 75,000, karibu tani 34. Kiwanda kinatakiwa kutaja idadi ya mizunguko au saa ambayo programu yake ya matengenezo imethibitishwa kuifikia. Kabla ya hapo kinaonyesha sehemu zipi lazima zibadilishwe na lini. Baada ya hapo ndege haibebi abiria mpaka kikomo kisogezwe kwa ushahidi mpya. Ulaya nayo imeweka kanuni za aina hiyo. Ukiwa na ndege inayokaribia kikomo, ulinganisho huu wote unakuwa mfupi: kwa sehemu zilizotajwa, ukaguzi peke yake si chaguo tena.

Uchague vipi basi

Mimi huuliza kwanza kama sehemu inayohusika iko peke yake au ni moja ya nyingi zinazofanana. Sikio la chuma linaloshika injini, kona moja ya mlango, boriti moja: hapa njia ya kwanza ina nguvu, mradi kifaa kinafika. Mstari wa ribiti mia nne zenye tundu la aina moja na mzigo wa aina moja: naipa njia ya kwanza muda wa kunivusha tu, na tarehe ya kufumua naiandika siku hiyohiyo. Mkaguzi akikuta ufa kwenye ribiti mbili za mstari kama huo, sitengenezi mbili. Jirani zake zimekula mizunguko ileile.

Swali la pili ni kama ndege ilijengwa kama ilivyochorwa. Linaonekana la kipuuzi hadi ukumbuke tarehe 1 Aprili 2011, Southwest safari ya 812, paa la 737-300 lilipofunguka tundu la karibu mita 1.5 na ndege ikatua Yuma, Arizona. Ilikuwa na mizunguko 39,781. Kiwanda hakikutarajia viungo hivyo vihitaji ukaguzi wa aina hiyo kabla ya mizunguko 60,000. Uchunguzi ulikuta lile bati la paa lilifungwa vibaya tangu kiwandani. Agizo la dharura likataka ndege za aina hiyo zilizopita mizunguko 30,000 zipimwe kwa edi karenti, kisha kila mizunguko 500. Kwa ndege inayoruka mara sita kwa siku, hiyo ni chini ya miezi mitatu. Vivyo hivyo mwaka 2019, nyufa zilipokutwa kwenye vyuma vinavyounganisha bawa na mwili wa 737 za kizazi kilichofuata: zilizozidi mizunguko 30,000 zilipewa siku saba tu kukaguliwa. Kwa hiyo agizo likikuruhusu kusubiri, soma lilivyofika kwenye hiyo namba. Kama limetokana na ndege zilizokutwa na nyufa mapema kuliko hesabu, siishi kwenye ukingo wa muda niliopewa.

Ndege ambayo itaondoka mikononi mwako baada ya miezi 18 ni hali ya pekee ambapo bei peke yake inaweza kuamua, nayo kwa kawaida huamua ukaguzi. Ila mnunuzi mjanja atahesabu idadi ya maagizo yaliyo wazi na kukata bei kwa kila moja. Na kiraka cha zamani kisicho na karatasi, wewe ukiwa mnunuzi, kifumue. Usikikague kwa nje.

Halafu kuna ratiba. Gharama kubwa ya njia ya pili mara nyingi haiko kwenye bati, iko kwenye kulifikia: viti kutoka, dari kushuka, nyaya na vifuniko vya joto kusogezwa. Ukaguzi mkubwa wa ratiba, ule unaoitwa C, ukikaribia, vyote hivyo vitatolewa hata hivyo, na tofauti ya bei kati ya njia mbili husinyaa ghafla. Agiza vifaa vya marekebisho mapema, maana vinaweza kuchukua miezi kufika. Ndege ikiingia na kreti halijafika, utaifunga dari tena juu ya ribiti zilezile na kuandika tarehe ya ukaguzi ujao.